Jinsi mji wa kale unavyoingia Urithi wa Dunia: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Watu wakisikia mji fulani umeingia Urithi wa Dunia wanadhani UNESCO walipita pale, wakaona majumba wakayapenda, wakauandika. Haiko hivyo hata kidogo. Mji unaombewa, na mwombaji sio meya, sio chama cha wenye nyumba, sio chuo kikuu, ni serikali ya nchi yenyewe iliyoridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972. Nyie wengine wote mnaweza kuandaa, kupima, kupiga picha na kusukuma mpaka mchoke, ila sahihi ya mwisho ni ya serikali, kwa hiyo kama wizara haijui mnachofanya basi mnacheza tu.

Kingine cha kujua mapema: zamani ilikuwa rahisi. Kraków ya Poland na Quito ya Ecuador ziliingia 1978, mwaka wa kwanza kabisa, orodha nzima ikiwa na maeneo 12, na mafaili ya maombi yalikuwa kurasa chache. Baada ya kikao cha 2025 orodha ilishafika maeneo 1,248, miji ya kale humo imejaa tele, na kila mpya unaokuja unaulizwa swali lile lile, wewe umeleta nini ambacho hatuna?

Hatua ya 1: tafuteni jibu la swali hilo kabla ya kushika kamera

Kuna vigezo 10, sita vya kwanza ni vya utamaduni na vinne vya asili. Kukidhi kimoja kunatosha, ila miji mingi huenda na viwili au vitatu. Kigezo cha (i) ni kazi ya ubunifu wa hali ya juu kabisa wa binadamu, na mji mzima kusimama kwa hicho peke yake ni nadra. Cha (ii) ni mahali ambapo tamaduni zilikutana zikabadilishana mambo na hayo mambo yanaonekana kwenye majengo au mpangilio wa mji. Cha (iii) ni ushahidi wa utamaduni au ustaarabu, uliopo au uliopotea. Cha (iv) ni aina ya majengo au mkusanyiko wake unaoonyesha hatua kubwa ya historia. Cha (v) ni makazi ya jadi au matumizi ya ardhi na bahari, hasa yakiwa hatarini. Cha (vi) ni uhusiano wa moja kwa moja na matukio, imani au sanaa zenye uzito kwa dunia, na Kamati ya Urithi wa Dunia, ile inayoamua nani aingie, inapenda hiki kiende pamoja na kingine.

Sasa kosa la kwanza wanalofanya karibu wote ni kuuza uzuri. Milango ya kuchonga, vichochoro, machweo. Uzuri hauna kigezo chake kwa mji. Kinachotafutwa kinaitwa thamani ya kipekee kwa dunia nzima, na kukithibitisha kuna sehemu kwenye faili ya kulinganisha, yaani mnauweka mji wenu mezani na miji mingine inayofanana nao, ndani ya nchi, ndani ya kanda na duniani, iliyokwisha kuorodheshwa na ambayo haijaorodheshwa, halafu mnaonyesha pengo ambalo mji wenu ndo unaliziba. Faili nyingi zinafia hapa.

Mfano mzuri ni Lamu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia 2000 kwa vigezo (ii), (iii) na (vi). Mwaka mmoja tu baadaye, 2001, Lamu nayo ikaingia, pwani ile ile, Waswahili wale wale, matumbawe na boriti za mikoko vile vile. Iliwezekanaje? Kwa sababu hoja haikuwa ile ile. Zanzibar ilibebwa na biashara iliyokutanisha Afrika na Asia na historia ya biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake, Lamu ikasimama kama makazi ya Kiswahili ya zamani zaidi na yaliyohifadhika vizuri kuliko yote Afrika Mashariki, watu bado wanaishi humo na mji bado unafanya kazi zake za asili, pamoja na nafasi yake kama kituo cha elimu na dini, na ikaingia kwa (ii), (iv) na (vi). Ukizisoma hoja hizo mbili pamoja utaona kila moja imeshika mlango wake.

Kipimo ninachokitumia mimi: chukua sentensi yoyote ya rasimu, futa jina la mji wenu, andika jina la mji mwingine wa aina hiyo. Kama sentensi bado ni ya kweli, ifute. "Mji una mchanganyiko wa kuvutia wa tamaduni mbalimbali" hiyo inafaa kwa bandari yoyote duniani, haina kazi. Ikibaki nusu ukurasa baada ya kufuta, shukuruni, hiyo nusu ukurasa ndo faili lenu. Isipobaki hata sentensi moja basi mkae mjiulize kama hadhi ya kitaifa haitoshi, na sio aibu, hadhi ya kitaifa inalinda nyumba kwa sheria zile zile za nchi.

Hatua ya 2: orodha ya awali

Kila nchi inatakiwa kuwa na orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza siku za mbele. Mji usipokuwa humo angalau mwaka mmoja kabla, faili halipokelewi, hakuna mjadala. Fomu yake ni fupi tu: jina, mahali, maelezo mafupi, kwa nini ni wa kipekee, unalinganaje na mingine. Ugumu ni foleni ya nyumbani, kwa sababu nchi inaruhusiwa kupeleka pendekezo moja tu kwa mwaka na Kamati haipitii zaidi ya 35 kwa mwaka kutoka dunia nzima. Kwa hiyo mnashindana na mbuga, magofu na misitu ya nchi yenu wenyewe kabla hamjashindana na mtu wa nje. Kuingia orodha ya awali pia sio ushindi, kuna maeneo yamekaa humo miaka 20, ila utakuta kuna bango limeshapigwa mjini "Urithi wa Dunia mtarajiwa". Msifanye hivyo.

Hatua ya 3: hesabuni nyumba, moja moja

Hii kazi haina sherehe ila ndo uti wa mgongo. Kila jengo linapata karatasi yake: namba, mahali kwa GPS, mwenye nyumba, matumizi ya sasa, ghorofa ngapi, ukuta wa nini, paa la nini, kilichobadilishwa na lini, hali yake, picha za pande zote zinazoonekana. Msipige picha nyumba nzuri tu. Mkaguzi anayetumwa kuutazama mji (tutamfikia Hatua ya 8) akija atapita kichochoro ambacho nyie mlikiruka, hilo uwe na uhakika nalo.

Nieleze kwa nini karatasi hizi zina maana. Chukua nyumba moja ya mawe yaliyojengewa chokaa, ukuta mnene, mwenye nyumba ameona plasta inabomoka akaita fundi na fundi akapiga saruji. Mwaka wa kwanza inapendeza. Lakini ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaopanda kutoka chini ulikuwa unatokea kwenye plasta, sasa saruji imeufungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, ukigonga kwa kidole unasikia mlio wa uwazi, na siku plasta ikianguka inaanguka na kipande cha ukuta. Kwenye karatasi mnaandika: saruji, upande wa mbele, chini hadi mita moja na nusu, unyevu upo. Mkishakuwa na nyumba mia tano za hivyo kwenye jedwali mnaweza kusema kwa data ni ngapi zinahitaji kurudishiwa chokaa, mtaa gani kwanza na mafundi wangapi. Mkaguzi anataka kusikia hivyo, "mji uko katika hali nzuri kwa ujumla" haimsaidii kitu.

Hapa pia ndo linaingia suala la uhalisia na ukamilifu. Ukamilifu ni kwamba vitu vyote vinavyobeba hoja yenu bado vipo na vimo ndani ya mpaka. Uhalisia ni je, hiki tunachokiona ni chenyewe? Na hapa watu wanachanganyikiwa wakidhani maana yake ni jiwe la zamani tu. Tangu Hati ya Nara ya 1994, iliyopitishwa Japani, inakubalika kwamba uhalisia unaweza kukaa kwenye umbo, vifaa, matumizi, ufundi, hata moyo wa mahali. Djenné kule Mali msikiti wake unapakwa udongo upya kila mwaka na mji umo kwenye orodha tangu 1988, sababu ufundi ni ule ule na watu ni wale wale. Warszawa, mji mkuu wa Poland, iliteketezwa zaidi ya asilimia 85 ya mji wake wa kale vitani, ikajengwa upya kwa uangalifu mkubwa, ikaingia 1980 kama mfano wa ujenzi upya wenyewe. Ila msijipe moyo sana, Kanisa kuu la Bagrati huko Georgia lilijengwa upya kwa namna iliyoharibu uhalisia wake na 2017 likatolewa nje ya eneo lililoorodheshwa, ikabaki monasteri ya Gelati peke yake.

Hatua ya 4: choreni mpaka kwa miguu

Mistari ni miwili. Wa ndani unazunguka eneo lenyewe linaloombewa hadhi, wa nje unazunguka ukanda wa kinga, ambapo ujenzi unabanwa ili usiliharibu la ndani. Msichore mkiwa ofisini. Tembeeni mstari wote, na kila mtaa mjiulize nyumba hii ikiwa ndani inabeba hoja au inaidhoofisha, na kama mstari unapita katikati ya kiwanja cha mtu basi kesho mna kesi mahakamani. Bora ufuate barabara, ukuta wa zamani, ufukwe, kitu ambacho polisi, mpima ardhi na mwenye nyumba wote wanakiona.

Ukubwa sio sifa. Fort Jesus ya Mombasa iliingia 2011 ikiwa na hekta 2.36 tu, Lamu ni karibu hekta 16, Mji Mkongwe wa Zanzibar hekta 96. Mpaka mkubwa unaonekana wa fahari siku ya sherehe, halafu kila duka linaloongezwa ghorofa ndani yake linakuwa swali la kujibu mbele ya Kamati. Wekeni ndani kinachobeba hoja, mkilinde kwelikweli, vingine viende kwenye kinga.

Na msisahau mandhari kutoka mbali. Simameni bandarini au kilimani, piga picha mstari wa mapaa kama unavyoonekana leo, andikeni majengo yasizidi urefu gani na upande gani, kabla mwekezaji hajaja na mchoro wa ghorofa 20. Wien (Vienna), mji mkuu wa Austria, iliingia 2001 na 2017 ikawekwa kwenye orodha ya walio hatarini kwa sababu ya mradi wa majengo marefu.

Hatua ya 5: sheria, mpango wa usimamizi, na wenyewe wanaoishi humo

Kamati haiorodheshi ahadi. Mji uwe umeshatangazwa kisheria kuwa eneo la hifadhi, kanuni za ujenzi ziwepo na kuwe na chombo kinachoweza kusimamisha ujenzi, sio kuandika barua ya masikitiko. Mpango wa usimamizi useme nani anaamua nini, bajeti inatoka wapi, wafanyakazi wangapi, moto ukizuka gari la zimamoto linaingiaje kichochoroni, takataka na maji machafu vinakwenda wapi, watalii wakizidi mnafanyaje.

Wakazi washirikishwe mwanzo kabisa, kwa mikutano yenye mihtasari na majina ya waliohudhuria, maana ushahidi huo unaingia kwenye faili. Lakini zaidi ya faili, waambieni ukweli. Hadhi haiji na hela. Hakuna mshahara wa mwezi kutoka Paris, makao makuu ya UNESCO. Kuomba hakuna ada, msaada wa kuandaa faili upo, hadi dola 30,000 za Marekani kwa nchi zinazostahili, ila hiyo haimkarabatii mtu nyumba. Mwenye nyumba atabaki na masharti, dirisha la mbao badala ya alumini, chokaa badala ya saruji, na kodi za pango zinaweza kupanda mpaka wenyeji wahame. Venezia ya Italia, mji wa kale wenyewe kule kisiwani, imeshuka chini ya wakazi 50,000. Kama mpango wenu hauna kifungu cha kumsaidia mwenye nyumba asiye na uwezo, kwa mkopo nafuu au fundi wa bei ya chini, basi mmeandika mpango wa hoteli.

Hatua ya 6: tathmini ya awali, kitu kipya ambacho miongozo mingi ya zamani haina

Tangu 2023 nchi inaweza kuomba tathmini ya awali, na kwa mafaili yatakayojadiliwa kuanzia 2028 ni lazima. Ombi linafika Kituo cha Urithi wa Dunia Paris kabla ya 15 Septemba, wataalamu wanasoma mezani tu bila kuja, na ripoti inatoka kufikia 1 Oktoba mwaka unaofuata. Inawaambia kama kuna dalili ya thamani ya kipekee au mnajichosha. Serikali hailazimiki kuifuata, ila kwenda kinyume na ripoti mbaya ni ukaidi wa gharama kubwa. Ripoti inadumu miaka mitano, na kati ya kuipokea na kupeleka faili lazima ipite angalau miezi 12.

Pigeni hesabu basi. Ombi Septemba 2026, ripoti Oktoba 2027, faili 1 Februari 2029, Kamati katikati ya 2030. Yaani karibu miaka minne, na kazi ya kuhesabu nyumba na kutunga sheria inatakiwa iwe imeanza kabla ya hapo. Mwanasiasa akisema "tunaingia mwakani" mwacheni amalize hotuba.

Hatua ya 7: faili

Lina mpangilio maalumu: utambulisho na ramani, maelezo na historia, hoja yenyewe na ulinganisho, hali ya uhifadhi na vitisho, ulinzi na usimamizi, ufuatiliaji, nyaraka na picha, mawasiliano, sahihi. Linaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Rasimu mnaweza kuipeleka hadi 30 Septemba, ni hiari, na mimi nasema ipelekeni, kwa sababu inarudi na orodha ya mapungufu bure. Faili kamili lazima lifike ifikapo 1 Februari saa 11 jioni kwa saa za Greenwich, na tarehe hiyo ikiangukia wikendi basi mwisho ni Ijumaa iliyotangulia. Likikosa ramani moja linahesabika halijakamilika na mnasubiri mwaka mwingine, halafu sababu yenyewe mara nyingi ni ramani isiyo na mizani au mistari miwili isiyolingana kati ya ukurasa mmoja na mwingine. Kwenye vitisho msifiche kitu. Kama kuna barabara inapangwa kupita, iandikeni nyie, wasije wakaiona wao kwenye gazeti.

Hatua ya 8: mgeni wa ICOMOS

Kwa maeneo ya utamaduni wanaotathmini ni ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kale. Kati ya Agosti na Oktoba hivi anakuja mtaalamu, kwa siku chache. Watu wanamwandalia ngoma na chakula cha jioni kama vile yeye ndo hakimu, na siye. Suala la upekee wanalipima wengine mezani, yeye anaangalia mpaka, hali ya majengo, ulinzi na nani anasimamia. Kwa hiyo siku ile mtu wa muhimu sio mheshimiwa, ni yule anayejua kila karatasi ya nyumba iko wapi, na meneja anayeweza kujibu mwaka jana mlisimamisha majengo mangapi. Mwacheni achepuke njia akitaka.

Kufikia 31 Januari mnapata ripoti ya muda yenye maswali, majibu yafike ifikapo 28 Februari. Tathmini kamili inatoka wiki sita kabla ya kikao, na mkiona kosa la ukweli mnaruhusiwa kulieleza kwa maandishi siku 14 kabla, kosa la ukweli lakini, sio malalamiko.

Hatua ya 9: Kamati

Nchi wanachama 21 zinakaa mara moja kwa mwaka. Majibu ni manne. Kuorodheshwa, nyundo inagongwa mnakumbatiana. Kurudishwa kwa maelezo zaidi, mna miaka mitatu ya kuleta kilichopungua. Kuahirishwa, maana yake faili lisukwe upya na mkaguzi arudi tena. Na kukataliwa, hii ndo mbaya, kwa sababu mji hauwezi kuombewa tena ila kwa hali za pekee kabisa kama ugunduzi mpya. Ndo maana nchi ikiona upepo mbaya huliondoa faili kabla ya kikao, na huo ni uamuzi wa busara.

Mkishaingia

Kazi inaanza upya. Kila baada ya miaka sita hivi kuna ripoti ya hali, na mradi mkubwa wowote ndani ya eneo au jirani yake unatakiwa kutaarifiwa Paris kabla haujaamuliwa, pamoja na tathmini ya athari kwa urithi. Sio kabla ya kuzinduliwa, kabla ya kuamuliwa. Dresden ya Ujerumani iliingia 2004, ikasisitiza kujenga daraja la njia nne kwenye bonde lake la mto, 2009 ikafutwa. Liverpool nayo iliingia 2004, ikawekwa hatarini 2012 kwa sababu ya majengo mapya ya bandarini, ikafutwa 2021. Upande wa pili, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa hatarini 2004, kazi ikafanyika, na 2014 zikatolewa huko zikabaki kwenye orodha ya kawaida, kwa hiyo kuwekwa hatarini sio hukumu ya kifo, ni kengele.

Kwa hiyo wiki ile ile ya sherehe, kabla bango halijapandishwa, mteueni mtu mmoja ambaye kila kibali cha ujenzi kinapita mezani kwake, mpeni ramani yenye mistari miwili na zile karatasi za nyumba, na jina lake lijulikane ofisi ya ardhi, bandari, barabara na maji.